Kinachopiganiwa Uwanjani: Historia ya Ubishi wa Mashabiki wa Pokémon

Tangu anime ya Pokémon ianze kurushwa na kituo cha TV Tokyo tarehe 1 Aprili 1997, mashabiki wake wamerithishana ubishi mmoja. Majina ya wapiganaji hubadilika kila baada ya miaka mitatu au minne, lakini shina la ubishi halijang'oka. Wapo wanaoshikilia kwamba pambano lina sheria zake: wa maji humshinda wa moto, umeme haumdhuru wa ardhi, aliyefunzwa sana humshinda aliyefunzwa kidogo, na mwandishi anayezikiuka sheria hizo amewahadaa watazamaji. Na wapo wanaojibu kwamba hadithi ni ya mvulana na viumbe wake, hivyo la maana ni jinsi wanavyokua, na pambano ni jukwaa tu la kuwapandisha. Ninavyoiona mimi, historia ya kazi yenyewe haiukubali mgawanyo huo. Katika anime hii mhusika hukua kwa kupigana, na pambano hupata uzito wake kutokana na kile ambacho mhusika anaweza kukipoteza ndani yake. Palipo na cha kupoteza, kanuni zikivunjwa watazamaji wengi husamehe. Pasipokuwa nacho, hata kanuni zikifuatwa neno kwa neno, manung'uniko hayaishi. Mifano ya robo karne inaelekea huko, nami nitaipitia bila kuikwepa ile inayonipinga.

Mizizi ya ubishi huu ni mikongwe kuliko anime. Satoshi Tajiri, mwanzilishi wa kampuni ya Game Freak, alizaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa jiji la Tokyo, akiwa na mapenzi makubwa ya kukusanya wadudu wakati ambapo mashamba na vidimbwi vya mji huo vilikuwa vikifukiwa kupisha majengo. Watoto wa Japani wamezoea tangu zamani kuwakamata mbawakawa wenye pembe, kuwafuga na kuwashindanisha, na mwenye mbawakawa hodari hujivuna kana kwamba nguvu zile ni zake. Tajiri alipouona waya unaounganisha mashine mbili za Game Boy, alimwaza mdudu akitambaa juu ya waya huo kutoka mashine moja kwenda nyingine. Wazo hilo lilizaa michezo miwili, Red na Green, iliyotoka Japani tarehe 27 Februari 1996, na kila mmoja ulinyimwa makusudi baadhi ya viumbe waliomo katika mwenzake. Mtoto hakuweza kuikamilisha orodha peke yake. Alilazimika kumtafuta mwenzake, kubadilishana naye, kupigana naye, na kwa hiyo kubishana naye. Majadiliano ya nani ni hodari zaidi yalikuwa sehemu ya mtambo tangu siku ya kwanza, na aliyeyatia humo ni mbunifu mwenyewe.

Ila katika mchezo ule kiumbe alikuwa tarakimu. Alikuwa na kiwango, kasi, nguvu ya kushambulia, na mbinu nne tu za kupigania. Timu ya anime, chini ya mwongozaji Kunihiko Yuyama na mwandishi mkuu wa miswada Takeshi Shudō, ilipewa jedwali ikatakiwa ilete hadithi. Walimwita mvulana wao Satoshi, jina la Tajiri, na mpinzani wake Shigeru, jina la Shigeru Miyamoto wa Nintendo. Waafrika Mashariki walio wengi wanawajua kwa majina ya toleo la Kiingereza, Ash na Gary. Katika sehemu ya kwanza Ash anaamka amechelewa, anapewa Pikachu asiyemtii, anashambuliwa na kundi la ndege aina ya Spearow, na mwishowe anajitanguliza mbele ya ndege hao ili wamuumize yeye badala ya mnyama wake. Pikachu anaamka na kuwatimua wote kwa radi. Kwa hesabu ya mchezo tukio hilo halielezeki, kwa kuwa Pikachu yule ni mchanga na amejeruhiwa. Kilichobadilika ni uhusiano. Mtazamaji aliambiwa mapema kabisa kwamba hapa nguvu itapimwa kwa kipimo kingine pia.

Kesi ya kwanza iliyowagawa mashabiki ilikuja wiki chache tu baadaye, katika sehemu ya tano. Ash anapambana na Brock, mlinzi wa ukumbi wa Pewter, ambaye Onix wake ni wa mwamba na ardhi. Katika Red na Green umeme haumdhuru kiumbe wa namna hiyo hata chembe. Lakini katika anime moto uliozushwa na umeme wa Pikachu unafungulia mabomba ya maji ya darini, Onix analowa na kudhoofika, na umeme unampata. Wapenzi wa kanuni wamelishikilia tukio hili kwa zaidi ya miaka ishirini kama kielelezo cha uandishi wa ovyo. Wanasahau kinachofuata. Ash anausimamisha mchuano ilhali ushindi uko mkononi, maana wadogo zake Brock wanamzuia na dhamiri inamsuta. Anasema atarudi ashinde kwa haki, anaondoka bila beji ya ushindi, na Brock ndiye anayemfuata njiani kumkabidhi. Mwandishi aliijua kanuni vizuri, ndiyo maana akamfanya shujaa wake auone ushindi ule kuwa hautoshi. Ni kweli kwamba hila hiyo ilizoeleka mno. Kule Celadon Ash alipewa beji kwa kumwokoa Gloom motoni, na kule Saffron alipewa kwa sababu Haunter alimchekesha mlinzi wa ukumbi, Sabrina. Anayesema kwamba beji za msimu wa kwanza zilipatikana kwa huruma zaidi kuliko kwa mapambano ana haki ya kusema hivyo. Lakini Saffron, kwa mfano, msichana aliyeupoteza utoto wake katika mazoezi ya nguvu za akili anacheka kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Hilo ni badiliko la mhusika lililo kamili kuliko ushindi wowote ambao Pikachu angeuleta siku ile.

Anayedhani kwamba mhusika hana nguvu juu ya kanuni na atazame kisa cha ukumbi wa Vermilion. Pikachu anashindwa vibaya na Raichu wa Luteni Surge, ambaye ni Pikachu aliyekwisha kugeuka umbo. Ash anapata jiwe la radi, ambalo lingemgeuza Pikachu wake pia, naye anampa mnyama uamuzi. Pikachu analikataa. Anarudi uwanjani na umbo lake lile lile na kushinda kwa wepesi, kwa kuwa Raichu aligeuzwa mapema mno na hakuwahi kujifunza mbinu za kasi. Hapa kanuni na mhusika vimefungwa fundo moja. Kisha tarehe 12 Septemba 1998 Nintendo ilitoa Japani mchezo wa Yellow, uliotengenezwa kwa kuifuata anime, na humo Pikachu wa mchezaji hutembea nyuma yake na hulikataa jiwe la radi. Uamuzi uliotungwa na waandishi wa televisheni kwa ajili ya mhusika mmoja uliingia katika mchezo kama sheria. Jambo la namna hiyo lilitokea tena mwaka 2016, pale umbo maalumu la Greninja wa Ash, lililotokana na ukaribu wake na bwana wake, lilipoletwa katika mchezo wa majaribio uliotangulia Sun na Moon. Nani basi atasema kwamba jedwali lilikuwa bwana na hadithi ilikuwa mtumwa?

Ushinde wa kwanza mkubwa wa Ash nao huwekwa katika rafu isiyo yake. Katika ligi ya Indigo aliishia miongoni mwa kumi na sita bora aliposhindwa na kijana Ritchie, baada ya Charizard kulala uwanjani akikataa kupigana. Wako walioiita hila ya mwandishi. Lakini kisa hicho kiliandaliwa muda mrefu. Charizard yule alianza kama Charmander aliyetelekezwa juu ya jiwe na bwana wake wa kwanza, akingoja mvuani huku moto wa mkia wake ukikaribia kuzimika. Ash alimwokoa, akafurahia nguvu zake zilipokua, na hakujishughulisha kuustahili utiifu wake. Hata mchezo wenyewe una kanuni kwamba kiumbe aliyetoka kwa mtu mwingine anaweza kumdharau bwana mpya asiyefikia kiwango fulani. Deni lile lililipwa baadaye kwenye Visiwa vya Orange, pale Charizard alipogandishwa na Poliwrath na Ash akakesha akimsugua kwa mikono yake hadi ikachubuka. Tangu hapo anatii. Kushindwa kwa Indigo, kukesha kule, na utiifu uliofuata ni hadithi moja. Ukiikata katikati ukabaki na matokeo ya mechi tu, bila shaka utaona upuuzi.

Nafika sasa kwenye pingamizi zito kuliko yote: kwamba Ash hakui. Ana umri wa miaka 10 mwaka 1997 na bado anaonekana wa miaka 10 mwaka 2022, na kila anapoingia nchi mpya anasahau alichojifunza. Pingamizi hili lina sababu za kihistoria zinazojulikana. Shudō, aliyefariki mwaka 2010, aliwahi kueleza kwamba alikuwa na mwisho wa hadithi kichwani mwake, lakini biashara iliyofanikiwa namna ile haikuhitaji mwisho. Michezo ya Gold na Silver ilipochelewa hadi Novemba 1999, ilibidi Visiwa vya Orange vibuniwe ili hadithi isiitangulie michezo. Baada ya hapo kalenda ikashika usukani kabisa. Ruby na Sapphire zilitoka tarehe 21 Novemba 2002, na mfululizo mpya wa anime ukaanza siku hiyo hiyo. Diamond na Pearl zilitoka tarehe 28 Septemba 2006, na anime ikaanza upya siku hiyo hiyo. Mwaka 2010, 2013, 2016 na 2019 tofauti kati ya mchezo mpya na mfululizo mpya ilikuwa ya siku chache tu. Kila kizazi cha michezo kilikuwa na wanunuzi wa umri wa kuanza shule, na hao walihitaji shujaa anayejua machache kama wao. Ash akawa kama Abunuwasi wa ngano zetu, anayeingia katika kila kisa akiwa na umri ule ule, bila kovu la kisa kilichopita.

Pingamizi hilo nalikubali kwa nusu. Ni kweli kwamba mara kadhaa Ash alirudishwa nyuma kwa namna isiyopendeza, na mfano mbaya kuliko yote ni mwanzo wa safari ya nchi ya Unova mwaka 2010, ambako Pikachu aliyekwisha kupambana na vigogo anapokonywa uwezo wa umeme na kushindwa na Snivy wa kijana anayeanza safari. Lakini kudai kwamba hakuna ukuaji kwa sababu umri haupandi ni kuchanganya kalenda na utu. Wanafunzi wa fasihi hufundishwa kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara, na hakuna mwalimu anayewaambia kwamba duara hupimwa kwa miaka. Waandishi waliofungwa mikono kuhusu Ash walifanya jambo la busara: waliupeleka ukuaji kwa wanaomzunguka, na hasa kwa wasichana wa maonyesho. May, aliyeingia mwaka 2002, na Dawn, aliyeingia mwaka 2006, hawakukusanya beji; walishindana katika majukwaa ambako urembo wa pambano huhesabiwa sawa na nguvu. Dawn alianza akijiamini kupita kiasi, kisha akaondolewa raundi ya kwanza mara mbili mfululizo, akapoteza imani, akaijenga upya polepole, hadi akafika fainali ya Grand Festival, mashindano makuu ya maonyesho hayo, na kushindwa na rafiki yake Zoey. Msichana huyo alipoteza na watazamaji walimwona amekua. Na kukua huko kuliwaambukiza wengine: mizunguko aliyowafundisha viumbe wake kwa ajili ya jukwaa ndiyo iliyompa Ash wazo la ngao ya kujihami huku akishambulia, aliyoitumia dhidi ya mbinu ya usingizi ya Fantina, mlinzi wa ukumbi. Urafiki uligeuka mbinu ya vita.

Hata hivyo kama ningetakiwa kuchagua shahidi mmoja wa hoja yangu, ningemwita Chimchar. Katika nchi ya Sinnoh Ash anakutana na Paul, kijana mwenye akili ya kijeshi, anayekamata viumbe, kupima nguvu zao, na kuwaachia wanaopungukiwa. Huyu si mkinzani wa kawaida wa katuni za watoto. Hadanganyi, haibi, hacheki kwa sauti ya kishetani. Anaishi kwa imani ile ile ya shabiki wa kanuni, kwamba kiumbe ni tarakimu zake. Aliwahi kumwona Chimchar akizungukwa na kundi la Zangoose na, kwa hofu, akilipua moto wa ajabu. Akamchukua kwa ajili ya moto ule, akamsulubu kwa mazoezi ili autoe tena, na aliposhindwa kuutoa katika mashindano ya wawili wawili kule Hearthome, akamwachia hapo hapo. Ash akamwomba aje kwake, na kiumbe yule akalia. Tangu siku hiyo kila pambano kati ya Ash na Paul lilikuwa kesi yenye swali moja: je, kiumbe aliyehesabiwa kuwa hafai anaweza kuthibitisha kwamba kipimo kilichotumika ndicho kilichokosea? Waandishi hawakulijibu haraka. Chimchar akawa Monferno, na moto ule wa hofu ukamrudia katika namna ya hatari, akiwa hamtambui rafiki wala adui. Kando ya ziwa Acuity, katika pambano la sita kwa sita, Paul akampa Ash kipigo kizito, na hakuna muujiza uliokuja kuokoa jahazi.

Pambano la mwisho lilifanyika mwaka 2010, katika robo fainali ya ligi ya Sinnoh, na lilichukua sehemu tatu nzima. Wapenzi wa kanuni walipewa karamu: Paul aliandaa mitego ya sumu ardhini, alibadilisha wapiganaji kwa hesabu, alimtumia Drapion kuwamaliza viumbe wa Ash mmoja baada ya mwingine. Wapenzi wa wahusika nao walipewa chao, maana kila hatua ilirudia jambo lililowahi kutokea kati ya vijana hao. Mwishoni walibaki Electivire wa Paul na Infernape wa Ash, ambaye ni Chimchar yule yule aliyekua. Viumbe hao wawili waliwahi kuishi chini ya bwana mmoja, na mmoja aliwahi kumdharau mwenzake. Infernape alipokuwa amekwisha, moto ule aliotafutiwa kwa mateso ukawaka, na safari hii aliumiliki mwenyewe. Akashinda. Paul hakulia wala hakuomba radhi. Alimtazama Infernape, akakubali kwa maneno machache, akaenda zake. Tazama jinsi sheria na tabia zilivyofungamana. Moto ule upo katika michezo kama uwezo wa kawaida unaoongeza nguvu pale kiumbe anapokaribia kuanguka. Waandishi hawakuvunja kanuni hata moja; waliichukua kanuni moja, wakaijaza miaka mitatu na ushei ya maisha ya kiumbe.

Ndiyo maana kilichofuata kiliwaudhi watu. Katika nusu fainali Ash alikutana na Tobias, mtu aliyekuwa akiwashinda wote kwa Darkrai peke yake. Sceptile wa Ash akawa wa kwanza kumwangusha Darkrai huyo, kisha akatokea Latios, akaanguka pamoja na Pikachu, na Ash akaishiwa. Kwa hesabu hakuna kosa: viumbe wa aina hiyo ni wenye nguvu kupindukia, na kuwaangusha wawili ni sifa. Lakini Tobias ni nani? Hakuwa na historia na Ash, hakuwa na la kupoteza, hakuacha neno la kukumbukwa. Miaka miwili baadaye Unova ilirudia kosa hilo kwa upande mwingine, pale Ash aliposhindwa na Cameron, kijana aliyeletwa katika hadithi kwa kuchelewa, aliyekuja na viumbe watano katika pambano la sita kwa sita na akaokolewa na Riolu kugeuka Lucario katikati ya mchezo. Malalamiko ya mashabiki kuhusu mechi hizi mbili kwa kawaida huvaa sura ya kanuni: huyu ana nguvu kupita kiasi, yule alikuwa na upungufu. Kwangu mimi ugonjwa uko chini zaidi. Tobias alifuata kanuni na Cameron alibahatika, lakini wote wawili walikuwa ukuta uliosimamishwa ili Ash asiupite, na ukuta haubishani na mtu.

Kalos, nchi iliyofuata, inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayotajwa mara nyingi na wanaonipinga. Hakuna msimu wenye mapambano yaliyochorwa kwa ufundi kama ule, na fainali ya Agosti 2016, Greninja wa Ash dhidi ya Charizard mweusi wa mpinzani wake Alain, inapendeza macho kuliko chochote kilichoitangulia. Kichwa cha sehemu hiyo kwa Kijapani kilitaja ubingwa, wengi wakaamini saa imefika, na Ash akashindwa. Hasira ilikuwa kubwa, na kwa mara nyingine iliendeshwa kwa lugha ya kanuni: maji hushinda moto, inakuwaje Greninja aanguke? Jibu la kanuni lipo, maana Charizard wa umbo lile si wa kuruka tena bali ni joka. Jibu hilo halikumtuliza mtu, na sishangai, kwa sababu swali halikuwa la kanuni. Watazamaji walitembea na Ash msimu mzima, wakimwona akianguka katika theluji, akipoteza imani, akiipata upya pamoja na Greninja. Kisha fainali ikafungua ukurasa wa hadithi ya Alain, aliyekuwa akitumiwa na Lysandre, mkinzani mkuu wa msimu huo, bila kujua. Ushindi ule ulikuwa mzigo kwa Alain, na kama hadithi ya Alain una maana. Kwa Ash ulibaki bila jibu. Hivyo Kalos, pamoja na uzuri wake, haipingi kipimo changu. Inaonyesha pambano moja lililopimwa kwa mhusika asiyekuwa yule ambaye watazamaji walikuwa wamemwekea moyo.

Mpenzi wa kanuni ataniuliza sasa: ikiwa hasara ya mhusika ndiyo yote, kwa nini tusiache kanuni kabisa? Kwa sababu pasipo kanuni hasara haiaminiki. Taharuki hujengwa na mipaka. Mtazamaji anayejua kwamba umeme haumdhuru wa ardhi ndiye anayefurahi Pikachu anapoilenga pembe ya Rhydon wa Blaine, mlinzi wa ukumbi wa Cinnabar, akiitumia kama chuma cha kuvutia radi. Asiyeijua kanuni haoni ujanja wowote. Kasoro huanza pale mwandishi anapobuni njia ya kutokea ambayo haikupandwa mbegu popote. Kule Mossdeep, Pikachu na Swellow walijipiga radi wenyewe na kung'aa kama waliovaa deraya ya dhahabu, wakashinda, na deraya ile haikuzaa kitu chochote katika maisha yao baadaye. Hapo nasimama upande wa walalamikaji bila kusita. Kanuni ni kama ahadi kati ya mwandishi na mtazamaji, na ahadi huweza kupindishwa kwa sababu nzito. Mossdeep haikuwa na sababu.

Alola ilipoanza Novemba 2016, sura za wahusika zilichorwa kwa wepesi na ulaini, Ash akapelekwa shule, na wengi wakatangaza kwamba mapambano yamekufa. Msimu huo ndio uliomwonyesha Litten akifiwa na mlezi wake mzee, Stoutland, na ndio uliomchukua Lillie, msichana aliyeogopa hata kumgusa kiumbe, ukamfikisha mahali pa kusimama uwanjani. Tarehe 15 Septemba 2019 Ash akatwaa ligi yake ya kwanza kwa kumshinda Gladion, kaka yake Lillie. Wako wanaoidharau ligi hiyo kwa kuwa ilikuwa changa na kila mtu aliruhusiwa kuingia. Hoja yao ni ya haki kuhusu ugumu wa mashindano, lakini Ash na Gladion walikuwa wamejenga upinzani wao kwa miaka karibu mitatu, Lycanroc dhidi ya Lycanroc, na fainali iliwakuta wakiwa na la kuonyeshana. Ningeichukua fainali hiyo mara kumi mbele ya nusu fainali ya Tobias. Kisha, tarehe 11 Novemba 2022, baada ya kuwapita mabingwa Steven na Cynthia, Ash alimshinda Leon, bingwa asiyewahi kushindwa, na Pikachu alipokaribia kuanguka aliwaona viumbe wote waliowahi kusafiri nao wakimtia moyo. Kwa kanuni hapo hakuna hesabu inayokubali. Kwa aliyetazama tangu sehemu ya kwanza, ile ni hesabu ya miaka 25. Naipenda sehemu hiyo, ingawa naiweka chini ya robo fainali ya Sinnoh, kwa kuwa Leon anashindwa akitabasamu na hakuna kinachobadilika ndani yake.

Limebaki pingamizi la wasiopenda anime hii kabisa: kwamba ni tangazo la biashara kwa watoto, na kujadili tabia za wahusika wake ni kupoteza muda. Tarehe za michezo nilizozitaja zinathibitisha biashara hiyo, wala sina haja ya kuificha. Lakini kazi nyingi za sanaa zilizaliwa kwa mkataba na kwa malipo, na zinahukumiwa kwa kilichomo. Bidhaa ingeweza kuuzwa bila Paul. Hakuna duka lililomhitaji Dawn ashindwe raundi ya kwanza mara mbili, wala Stoutland afe. Mambo hayo yaliingizwa na waandishi waliotaka kusema jambo na watoto, na watoto waliyasikia, ndiyo sababu wanayabishania hadi leo wakiwa watu wazima.

Hadithi ya Ash ilifungwa tarehe 24 Machi 2023, na tarehe 14 Aprili mwaka huo ukaanza mfululizo mpya wa Liko, msichana mwenye kidani cha siri na moyo wa mashaka, asiyetafuta ubingwa wa kitu chochote. Lawama za zamani zilimpokea mapema: mapambano ni machache, na yaliyopo hayana uzito. Wanaomtazama sasa ningewaomba jambo moja kabla ya kutoa hukumu. Warudi Sinnoh, wamtazame Chimchar kuanzia siku aliyoachiwa Hearthome hadi siku aliyosimama mbele ya Electivire, bila kuruka sehemu ya katikati, kisha wamwulize Liko swali lile lile: katika pambano hili, unaweza kupoteza nini?